Risala ya Wanawake Wanamaji wa Jeju kwa Siku ya Askari Bu Ok-nyeo

Mgeni rasmi, Jenerali Pyo. Viongozi wa kisiwa. Wana na wajukuu zetu:

Karibu Jeju, Mheshimiwa. Tumevaa sare tangu alfajiri. Baadhi yetu vifungo vimegoma, lakini tumevaa.

TULIKOTOKA

Agosti 1950 tulikuwa walimu na wanafunzi, wasichana sitini. Vita vya Korea vilipofika karibu na mji wa Busan, tulijiandikisha wenyewe. Bu Ok-nyeo alikuwa na miaka kumi na sita, mpiga mbizi wa kuokota kombe za baharini kama mama yake. Mwandikishaji alimpa kalamu aandike jina lake. Hakujua kuandika. Jina halikuingia kwenye orodha.

Siku ya kuondoka alijitwisha gunia la mchele, akapanda meli pamoja nasi. Kule kambini, kando ya bandari, wakamweka jikoni. Sajini Maeng, mkufunzi wetu, alitupokea kwa kelele: "Nyie mabinti mmekuja vitani au harusini?" Baada ya miezi miwili tulikuwa tunaendesha simu zote za bandari, naye akaacha kutucheka.

TULICHOFANYA

Asubuhi moja ya Desemba, ukungu ukiwa mzito, zilifika habari kwamba mabomu ya majini yameelea hadi kwenye mlango wa bandari. Mashua yenye majeruhi arobaini ilikuwa inakuja. Walinzi wa kisiwa kidogo cha mbele ndio pekee walioweza kuizuia, na waya wa simu wa kwenda kwao ulikuwa umekatika chini ya maji. Wanaume wawili walipiga mbizi, wakatoka mikono mitupu, midomo imekufa ganzi.

Ok-nyeo akaja na aproni yake.

"We mpishi, rudi kwenye sufuria zako!" Sajini alifoka.

"Sufuria zitasubiri, afande. Mashua je?"

"Utakufa na baridi!"

"Kwetu tunazamia hata theluji ikianguka. Nishikie aproni."

Sajini akaishika. Ok-nyeo alipiga mbizi mara tatu bila kuupata. Mara ya nne alitoka na ncha ya waya mkononi. Mwenzetu Hyeon Chun-hwa akaiunga huku analia, na mimi ninayesoma hapa nikazungusha simu. Sauti ikajibu! Mashua ikageuzwa. Majeruhi wote arobaini walifika wazima kwa njia nyingine.

Tulipomfunika blanketi, Ok-nyeo alitetemeka, akauliza: "Jamani, kuna aliyeangalia wali?"

TULIKOKWAMA

Sisi tulirudi na vyeti. Yeye alirudi baharini. Tuliandika maombi ya cheti chake mara nne, na mara nne tulijibiwa kwamba jina lake halimo kwenye orodha. Wenzetu walikuwa wanafariki, na kila msiba alikuja kutubebea jeneza, akasimama nyuma ya mstari wetu. Tukimwambia, "Dada, njoo huku mbele," alijibu, "Huko ni kwa askari."

Kisha mwaka jana Sajini Maeng, akiwa kitandani hospitalini, alimwita binti yake amwandikie barua. Alisema: "Nilimwona kwa macho yangu. Nilitoa taarifa kwamba waya uliopolewa na vijana wangu, kwa sababu niliona haya kusema ni mpishi. Andikeni jina lake kabla sijafa." Alifariki wiki tatu baadaye. Barua ile ilifungua mlango. Mheshimiwa, umekuja na cheti chake leo, miaka sitini na mitano baadaye, naye yuko hai kukipokea!

TUNACHOOMBA

Tumebaki kumi na mmoja, pamoja naye. Hatuombi viti wala mnara.

Tunaomba jambo moja. Utakapomkabidhi, usimwite bibi, wala mama, wala mzee wetu. Kila mtu hapa kisiwani anamwita hivyo. Mwite kama unavyowaita vijana wako kwenye gwaride, kwa sauti ya kufika baharini: Askari Mwanamaji Bu Ok-nyeo!

Amekaa hapo mwisho, mwenye skafu nyeupe. Sisi kumi tumeshasogea. Tumemwachia nafasi katikati ya mstari.

Mbingu zikulinde, Jenerali, na bahari ya kwetu ikurudishe salama kwa watu wako.

Ni sisi,
Wanawake Wanamaji wa Jeju, watu kumi na mmoja.