Skuta ya Lea Inapumulia Wapi?

Juu kabisa ya mlima Sekenke, pale malori yanaposimama kupoza injini, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni matofali mawili. Wenye benchi ni watatu. Ezekieli anaitwa Redio kwa sababu hazimiki. Stanley anaitwa Wizara, maana hata ukimuuliza saa anakujibu kama aliyetoka kikaoni. Wa tatu ni mzee Gasto, na huyo ndiye Injinia. Kahawa yao huletwa na Lea, mama mjane wa kule bondeni, ambaye kila alasiri hupanda na chupa tatu kubwa kwenye skuta yake nyekundu. Siku hiyo alitokea anaisukuma tangu kona ya mwisho, kanga imelowa jasho, na hakusalimia mpaka alipoegemeza mzigo.

— Shikamooni. Kunyweni vizuri, leo ndiyo mwisho.

Skuta, alisema, ilikuwa inakula mafuta mara mbili ya zamani, inatoa moshi mweusi, na ikiona mlima inakata pumzi. Jioni hiyohiyo Abraham, mchimba dhahabu, angekuja kuinunua. Abraham hakuitaka skuta. Alitaka injini tu, aifunge kwenye pampu ya kutoa maji shimoni. Na bila skuta Lea asingepanda tena. Angerudi kulima kibarua kwenye mashamba ya watu, kazi aliyoiacha kwa furaha miaka miwili iliyopita.

Kikombe cha kwanza alimpa Gasto. Ndiyo desturi ya pale, Injinia huanza. Gasto alikipokea, akapuliza, akaitazama skuta kwa jicho la mtu ambaye hajawahi kushindwa na swali.

— Mwanangu, tatizo ni tairi fupi. Mtu mfupi akifuatana na mrefu mpaka Misigiri, nani anachoka mapema? Hii inapiga hatua mbili pale pikipiki inapopiga moja. Lazima ile mafuta mengi.

Lea akamkumbusha kwamba mwaka jana ilikuwa inapanda mlima huohuo inaimba. Gasto akajibu bila kupepesa kwamba mwaka jana ilikuwa kijana.

Redio akadakia kwamba hapana, lawama ni za petroli. Petroli inatoka Pwani, inalala kwenye tanki siku tatu, inarushwarushwa njia nzima, ikifika Iramba imechoka. Sasa kitu kilichochoka kitambebaje mwenzake?

Wizara alisubiri wanyamaze. Akaweka kikombe chini.

— Chini ya mlima huu kuna dhahabu. Dhahabu inavuta. Ndiyo maana malori yote yanapanda yananung'unika.

Redio akapinga, akasema shuleni walifundishwa kwamba sumaku ndiyo inayovuta, tena chuma tu. Wizara akamwambia hiyo ni ya shuleni, ya mlimani ni nyingine. Gasto aliona wivu kidogo, maana hoja ya Wizara ilikuwa tamu kuliko yake. Basi akaiunga mkono upesi: kweli dhahabu inavuta, na skuta yenye tairi fupi iko karibu na ardhi, kwa hiyo inavutwa zaidi. Wote watatu wakatikisa vichwa. Jambo lilikuwa limekwisha. Lea peke yake ndiye ambaye hakufarijika. Alikuwa anatazama barabara atakayotokea Abraham.

Hapo akashuka dereva wa lori la alizeti lililokuwa linapoza injini. Alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Sikudhani, mkononi ana bisibisi aliyosahau kuirudisha. Akawaamkia wazee, akaomba kahawa, akasikiliza dhahabu na tairi mpaka kikombe kikafika nusu. Kisha akauliza taratibu:

— Samahani wazee wangu. Hii skuta inapumulia wapi?

Benchi zima likaitazama skuta. Gasto peke yake ndiye aliyejua, na hapohapo akasogeza kikombe pembeni.

Sikudhani akachutama, akafungua skrubu za kasha dogo ubavuni, akatoa sponji inayochuja hewa ya injini. Ilikuwa nyeusi, imeganda kwa vumbi, ukiibonyeza hairudi. Akaeleza kwamba injini inataka mafuta na hewa pamoja. Hewa ikizibwa mafuta yanazidi, hayaungui yote, ndiyo huo moshi na ndiyo nguvu kupotea. Akainusa.

— Hii imepakwa mafuta ya alizeti. Yakikaa yanakuwa gundi. Nani alifanya hivi?

Mwezi uliopita Gasto ndiye aliyeichukua skuta akaifanyie usafi. Aliosha sponji vizuri. Alijua inapakwa oili kidogo, ila oili ilikuwa imemwishia, na nyumbani kulikuwa na dumu la alizeti aliyokamua mkewe, Raheli, safi, yenye harufu nzuri. Akasema mafuta ni mafuta. Tena aliimiminia kwa wingi, kwa upendo.

Lea alimtazama Gasto. Kisha akatazama pembeni.

— Sikumbuki, alisema.

Heshima ile ilimuuma Gasto kuliko matusi. Naye Wizara akawa tayari amepata jibu: huyo ni mtu mbaya, na mbaya ni yule anayeitaka injini. Redio akasema kweli, alimwona Abraham akiizungukazunguka skuta. Na kweli, Abraham huyo anakuja na toroli lake, anatabasamu, hajui lolote. Wizara akasimama kumkabili.

— Kaa chini, Stanley, alisema Gasto. Ni mimi. Dumu la nyumbani kwangu.

Gasto akainuka, akakinga petroli kidogo kutoka kwenye tanki la skuta, akaiosha sponji mwenyewe mpaka vidole vikamchonyota, akaikamua, akaikausha kwa shati lake, akapaka oili ya lori tone kwa tone huku akitazamwa. Sikudhani akasugua masizi kwenye plagi ya injini. Lea akashuka na skuta mpaka kona ya tatu, wakatega masikio. Halafu ukasikika mlio, mwembamba, wa sawasawa, unakuja juu bila kukatika. Alipotokea alikuwa analia na kucheka. Abraham akageuza toroli lake.

Lea akamimina kahawa ya mwisho, akampa Gasto. Ilikuwa masimbi matupu ya chini ya chupa. Akainywa yote.

Sikudhani alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya lori alipogeuka.

— Nilitaka kuuliza tu. Kwa nini huyu mnamwita Injinia?

Redio akamtazama Wizara. Wizara akatazama chupa, akasema swali hilo litajibiwa kesho. Kahawa ilikuwa imekwisha.