Bwana Miezi Minne na Kiwiko cha Kitinda Mimba Wake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba mfupa akauunga na mfupa mwenzake, ambaye kwake sisi sote ni wa kurejea, familia inasimama mbele yenu, waombolezaji wapendwa, kusoma maisha ya mzee wetu kama alivyoagiza yasomwe, bila kupakwa rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari, ambako alikuwa hodari wa hesabu na mbovu wa michezo yote, wala hakuona haya kulisema hilo. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha tiba ya viungo, akahitimu 1975, na Januari iliyofuata akaajiriwa hospitalini, akapewa chumba cha mwisho katika korido ya chini, chenye kitanda kimoja na dirisha lisilofungika vizuri, akakitumikia kwa miaka thelathini na mitano.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye leo tunampa pole, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1988 mtoto wa kiume, kitinda mimba, aliyekulia katika chumba kile cha tiba kana kwamba ni sebule, akiandika kazi zake za shule kwenye ncha ya kitanda huku wagonjwa wakiingia na kutoka.

Ulipofunguliwa uwanja wa besiboli nyuma ya maghala, walianza kuja vijana wa miaka kumi na mbili, kumi na nne, wote warushaji, wote wameshika kiwiko upande wa ndani, mahali penye ukano mfupi usiozidi urefu wa kidole gumba, ambao kazi yake ni kuzuia kiwiko kisifunguke mpira unaporushwa kwa nguvu. Kwa ukano uliochoka marehemu hakuwa na dawa ila kuacha kurusha kwa miezi minne, na kwa kuwa kila aliyeingia alipewa jibu hilo, watoto wakampachika jina la Bwana Miezi Minne. Mama mmoja alimwambia, "Daktari, wewe mponye tu, hayo ya kupumzika tutayaona baada ya fainali," na kocha, rafiki yake wa chai, hakuchoka kumtania, "Tukikusikiliza wewe, bwana, watoto wote watalala, mpira turushe sisi wenye vitambi." Alicheka nao, akaandika miezi minne, na Jumamosi iliyofuata akawakuta wale wale uwanjani, wakirusha.

Ligi ilikuwa na utaratibu kwamba mrushaji haingii fainali bila fomu iliyosainiwa na mtaalamu, na siku ya Alhamisi, tarehe 19 Juni 2003, aliyekaa juu ya kitanda kile alikuwa kitinda mimba, mwenye miaka kumi na mitano. Marehemu alimpima kama alivyowapima wengine, akakikunja kiwiko kidogo, akausukuma mkono kwa nje, akauliza kama unauma, na uso wa kijana haukutikisika. Asichokikumbuka ni kwamba mtoto huyu alikitazama kipimo kile tangu akiwa na miaka mitano, alijua kitendo gani kinafuata kipi, wapi avute pumzi na wapi akaze msuli ili kiwiko kisifunguke, na tena alikuwa amewafundisha wenzake wa timu nzima. "Hauumi hata kidogo, baba," alisema, na baba akasaini.

Jumamosi, katika awamu ya nne ya mchezo, ukano ulikatika, waliokuwa karibu wakasikia mlio wake, na marehemu, aliyekuwa nje ya uzio wa waya, akakimbia kulitafuta geti lililokuwa upande wa pili wa uwanja, mwanawe akiwa amepiga magoti machoni pake njia nzima. Mwezi Septemba daktari wa upasuaji alichukua ukano wa kigasha akaupandikiza kiwikoni, mazoezi yakaendelea mwaka na nusu, mkono ukarudi kushika kalamu na kubeba ndoo, lakini hakurusha tena. Marehemu aliwaita upya wote aliowapitisha msimu ule, akawakuta wanne wameumia, akawaandikia miezi minne, na wawili wakapelekwa kwingine, kwa mtu wa kusaini. Barua alizoiandikia ligi kutaka warushaji wapumzishwe zilikuwa saba, zikajibiwa mara moja, kwa shukrani.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, kitinda mimba akahamia nyumbani kumwogesha na kumlisha, na alasiri moja ya Februari tulimsikia akisema, "Baba, nilikudanganya mimi, nisamehe." Marehemu akamjibu, "Ulikuwa mtoto, kalamu niliishika mimi, nikusamehe nini?" Kijana akasema, "Basi sema tu, baba, hata kama hakuna la kusamehe," na mzee akatikisa kichwa, kwa mapenzi, akakataa, kwani kusamehe kungekuwa kumtwisha mwanawe kosa. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mikononi mwa mwanawe, na neno lile halikutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani waliokesha nasi, watumishi wenzake wa korido ya chini, na kocha aliyechonga jeneza.

Upumzike kwa amani, mzee wetu, kwa Mola asiyeshindwa na lolote. Nanyi mliosikiliza, Mwenyezi Mungu awajalie watoto wanaothubutu kusema wanaumia, na awajalie moyo wa kuwasikia siku hiyo hiyo. Amina.