Sahani ya Tajiri

Benchi la pale kwenye kona lina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na kila mkaaji anajua sehemu yake. Mwisho wa kulia, karibu na kibanda chake cha kuchonga funguo, hukaa Kufuli. Jina alipewa kwa sababu ya kazi, lakini tangu amzike mkewe watu wanasema limemkaa vizuri zaidi, maana hata mdomo umejifunga. Katikati hukaa Wakili, ambaye ni kinyozi, ila hajawahi kukubali kushindwa kesi. Mwisho wa kushoto ni Redio, muuza magazeti, anayetangaza habari kabla hazijatokea. Mbele yao mama muuza kahawa huweka jiko lake la mkaa. Siku hizo kulikuwa na wa tano: mbwa wa rangi ya majivu aitwaye Tajiri, aliyelala chini ya benchi, kidevu juu ya kiatu cha Kufuli. Mwenye mbwa, dereva wa lori, alikuwa hospitalini kavunjika mguu, na Kufuli alimwahidi kumtunzia mpaka atoke.

— Ameachia tena, alisema Wakili, akifunika kikombe kwa kiganja.

— Nani? aliuliza Redio.

— Unauliza nani? Basi ni wewe.

— Mimi? Tangu jana sijatia kitu tumboni, nitoe wapi?

Kufuli aliinama.

— Tajiri, alinong'ona, kama anayemkanya mtoto wakati wa sala.

— Usimnong'oneze, mzee! Jana mteja wangu katoka mbio na nusu ya kichwa haijanyolewa. Mpaka sasa anazunguka mjini hivyo hivyo, na anasema mimi ndiye niliyemnyoa.

— Huyo mbwa kameza panya aliyekufa, alisema Redio. Panya yuko tumboni, ameoza, anatafuta njia ya kutoka.

— Wiki nzima?

— Panya mkubwa.

— Acha hizo. Huyu ana majonzi. Anamlilia bwana wake, na kwa vile mbwa hana machozi, majonzi yanatokea nyuma.

— Basi huyu kafiwa na ukoo mzima!

Mama muuza kahawa alicheka hadi birika likatikisika mkononi. Redio alisogea mbele, akashusha sauti.

— Sikilizeni niwaambie. Huyu kafundishwa na wezi. Fundi wa funguo akizimia kwa harufu, wao wanaingia kibandani, wanabeba funguo za mji mzima.

— Na wezi wenyewe watavutaje hewa humo ndani?

— Wameshazoea.

— Mimi nasema tumwekee bomba la gesi, alisema mama muuza kahawa. Mkaa umepanda bei.

Walicheka wote isipokuwa Kufuli. Alikuwa anamkumbuka dereva siku zile za msiba. Watu walipokwisha kuondoka, yeye alibaki. Hakumwambia jikaze, hakumwambia ndiyo dunia. Alikunja viti, akaosha masufuria, akatandika mkeka sebuleni akalala. Kila Kufuli aliposhtuka usingizini, aliisikia sauti ya dereva ikisema, "Nipo." Mungu humpa mtu rafiki wa namna hiyo mara chache.

Chini ya benchi upepo ulivuma tena. Wakili alisimama.

— Mzee, tunakupenda, lakini hukumu ni hii. Kesho uje bila mbwa.

Kufuli alikizungusha kikombe chake polepole.

— Basi kesho tutakaa kibandani, sisi wawili.

— Wawili gani?

— Mimi na yeye.

Kicheko kilikatika. Redio alimtazama Wakili kwa hasira.

— Umeona sasa? Mtu tumembembeleza miezi mpaka akarudi kukaa na watu, wewe unamfukuza kwa ajili ya pua yako!

— Sijamfukuza yeye! Nimemfukuza...

— Shikamooni, wazee.

Alikuwa dada mmoja mgeni, ameshika ufunguo mkononi.

— Marahaba, mwanangu.

— Naomba kuchongesha wa pili kama huu. Alinusa, akatazama huku na huku. Samahani, kuna mtaro umepasuka?

— Ni Tajiri, alisema Redio, akionyesha chini.

— Maskini. Kwani anakula nini?

Walitazamana. Katika wiki nzima ya panya na wezi, hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Anakula ninachokula mimi, alisema Kufuli.

— Na wewe, baba, unakula nini?

— Maharage.

— Kila siku?

— Ndiyo ninayojua kupika.

— Anapata kidogo tu?

— Sahani nzima. Huwa inabaki.

— Nyumbani mko wangapi?

— Niko peke yangu.

— Sasa mbona unapika ya wawili?

Mama muuza kahawa aliinamia jiko, akapuliza mkaa uliokuwa ukiwaka vizuri. Kufuli alikitazama kiganja chake. Kila jioni mkono huo ulichota maharage kwa kikombe cha bati mara mbili, kama marehemu mkewe alivyokuwa akichota, na kabla ya Tajiri kuja, sahani ya pili ilifunikwa mezani mpaka asubuhi.

Hapo chini ya benchi Tajiri akajibu mwenyewe. Jibu lilikuwa refu, likapanda, likashuka, likamalizia kwa swali.

Kufuli alicheka. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha machozi. Hawakuwa wamemsikia akicheka tangu mazishi, nao wakacheka kwa kumwona yeye.

— Hukumu imebadilika, alitangaza Wakili, akikaa. Mbwa hana hatia, mshtakiwa ni sufuria. Tajiri apikiwe wali na nyama kidogo.

— Na sahani ya pili? aliuliza Kufuli.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini wote waliisikia.

— Ilete hapa, alisema mama muuza kahawa. Na usipunguze kipimo. Sisi tutakula.

— Tutakula! alisema Redio.

Kufuli aliupokea ufunguo wa dada akaingia kibandani, Tajiri nyuma yake. Dada alilitazama benchi, akawatazama waliobaki.

— Lakini wazee, mkila nyinyi hayo maharage, kesho nani atalala chini ya benchi?

Redio alimtazama Wakili. Wakili alimtazama mama muuza kahawa, naye akainamisha birika juu ya kikombe. Lilikuwa tupu.