Verna Jo Cutlip (1966–2025), Mpishi wa Shule Aliyepewa Dakika Tatu

Kuna maneno yanazunguka mtaani, na familia imeona ni bora yasemwe hapa mbele ya jeneza kuliko yaendelee kunong'onwa. Juzi jirani yetu Bi Opal Teter alipotuletea bakuli la maharage na mkate wa mahindi, alimuuliza baba palepale mlangoni, "Darrell, ni kweli Verna alikwenda bunge la jimbo kuipinga ile sheria ya watoto? Mbona gazeti limemwandika hivyo? Na yule mtoto wake mwenyewe, je?" Baba alipokea bakuli, akalipeleka jikoni. Nitajibu mimi, binti yake wa kwanza, nikifika hapo.

Marehemu mama yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, huko Dayton, Ohio, ambako babu Hobart alikuwa akifanya kazi kiwandani. Alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne. Mwaka 1972 walirudi huku milimani, Laurel Prong, kumuuguza mama yake babu, na mama hakuhama tena.

Alisoma hapahapa Laurel Prong, akamaliza sekondari mwaka 1984. Alivaa viatu vya kaka yake mpaka darasa la saba, na watoto walimwita Buti. Alikuwa akisema shuleni alijifunza hesabu, na alijifunza kupita kando ya ukuta.

Tarehe 8 Juni 1991 alifunga ndoa na Darrell Cutlip, dereva wa lori la makaa. Keki aliioka mwenyewe, ikazama katikati, akajaza shimo kwa jemu ya matunda. Baba anasema hajala keki nyingine tamu kama ile.

Mwaka 1996 aliajiriwa jiko la shule, na alipika pale miaka ishirini na tisa. Watoto walioogopa ukumbi wa chakula walikuja kwake kwa mlango wa nyuma, naye akawapa trei za kufuta ili wapate sababu ya kukaa. Siku moja mkuu wa shule alimwambia, "Verna, hili ni jiko au kambi ya wakimbizi?"

"Ni jiko, bwana. Huko nje wanakokukimbia ndiko kwako. Niambie wewe ni nini."

Lakini mtoto hawezi kufuta trei siku nzima. Mdogo wangu Maylee ana miaka kumi na sita, na ni msichana anayependa msichana mwenzake. Tangu wenzake walipojua, wamemkata nywele kwenye basi la shule, wametia begi lake chooni, wamemwandikia kabatini mambo ambayo sitayasoma hapa. Mama alijaza fomu ya malalamiko mara tatu. Alijibiwa, "Mama Cutlip, watoto wanataniana tu." Sheria ya jimbo inakataza uonevu, ila watoto kama Maylee haiwataji, na kisichotajwa shule hawakioni.

Basi mwaka huu ukaja muswada wenye sentensi ya kuwataja. Tarehe 11 Februari mama alivaa gauni lake la kanisani, baba akamwendesha mwendo wa saa tatu na nusu mpaka mji mkuu wa jimbo. Pale kila anayetaka kusema hujaza kadi kwanza: jina, mji, unaunga mkono au unapinga. Mama alisikia watu mlangoni wakizungumza juu ya wabunge waliotaka sentensi ile ifutwe. Akatia alama kwenye "napinga". Alikuwa anapinga kufutwa. Kumbe kadi iliuliza juu ya muswada wote.

Akaitwa pamoja na wapinzani. Alipoanza kumtetea mtoto, mwenyekiti wa kamati akamkatiza, "Samahani mama, wewe hasa uko upande gani?" Akaeleza. Akaeleza tena. Kengele ikalia kabla hajalitaja jina la Maylee.

"Asante mama. Dakika tatu zimekwisha."

Sentensi ilifutwa siku ileile. Njiani kurudi mama alisema neno moja tu: "Darrell, nimemuuza mtoto." Baba anasema alisimamisha gari kando ya barabara. Bi Opal, hilo ndilo jibu. Gazeti liliandika kilichokuwa kwenye kadi.

Mwezi Mei madaktari walikuta saratani ya kongosho, imekwisha kuenea. Hakuacha kuwaandikia wabunge barua, hata vidole vilipokataa akawa anasema yeye, nami naandika. Hakuna aliyejibu. Tangu tarehe 15 Septemba Maylee hajakwenda shule, na shule imetuandikia kwamba Jumatatu asipoonekana tutaitwa mahakamani. Mama alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 1 Oktoba 2025, saa tano asubuhi.

Ameacha mume, Darrell. Mabinti wawili, Shawna na Maylee. Mjukuu mmoja, Wyatt, wa miezi mitano. Kaka mmoja na dada wawili. Mungu ampe pumziko ambalo huku hakulipata.

Jumanne, siku moja kabla hajafa, nilikuwa namfunga mwanangu Wyatt nepi pembeni ya kitanda chake. Maylee alikuwa jikoni. Mama akanishika mkono, akasema polepole:

"Shawna, mwanangu. Jumatatu mpeleke mdogo wako. Usimwache getini, ingia naye mpaka darasani, ukae, wakikufukuza ukae. Na usimwambie avumilie. Mimi nimemwambia hivyo mwaka mzima, na wewe nilikuambia hivyohivyo mpaka ukaiacha shule darasa la nane. Mwambie mama alikosea. Mwambie wewe, mimi namwonea haya."