Ugoro Niliomficha Daktari wa Meno

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na kila kinywa kilichomo humu, chenye meno yote na chenye mapengo!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Wanjala, mwenyekiti wa kina mama, muuza maharagwe pale sokoni Kitale. Mnanijua kwa maswali. Binti ya nani ameolewa wapi, mbona mchungaji amebadilisha miwani, mimi lazima nijue. Lakini kuna swali moja nililikimbia, na nusura linimalize.

Nilizaliwa Malakisi, kwa watu wa tumbaku. Tulipanda, tukavuna, tukakausha. Nyanya yangu ndiye aliyenionjesha ugoro nikiwa msichana, akaniwekea hapa, ndani ya mdomo wa chini. Nikaupenda. Nikaolewa nao, nikazaa nao, na leo nalisema mbele zenu: nikaokoka nao! Miaka yote hiyo nawafundisha kina mama utakatifu, na kikopo changu kimefungwa kwenye pindo la leso. Baba Wanjala, usiniangalie hivyo, tutaongea nyumbani.

Siku moja jino likanisumbua, nikaenda kwa daktari wa meno hapa Kitale. Chumba chake na benchi la wagonjwa vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, na pale kwenye benchi alikuwa ameketi Mama Edina wa kwaya. Daktari aling'oa jino, kisha akauvuta mdomo wangu wa chini, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, unatumia tumbaku?"

"Ati tumbaku?" Nikapaza sauti ili ipite ubao. "Daktari, si mimi nimeokoka!"

Hakubishana. Aliniambia tu nirudi anichunguze tena. Sikurudi. Hata sikumuuliza ameona nini. Mimi, ndugu zangu, sikuuliza!

Lakini jambo lile lilinikereketa. Aliona nini kwa kile kioo chake kidogo? Kwa nini aseme tumbaku, asiseme sukari? Nikachukua kioo cha mume wangu cha kunyolea na simu yangu, zile za tochi zilizokuwa zimeingia majuzi tu, nikajifungia chumbani. Nikavuta mdomo, nikamulika. Pale ugoro ulipokuwa unakaa, ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Na haikuniuma hata kidogo! Niliogopa sana! Niliomba pale pale, lakini nilijua nimeshamdanganya mtu ambaye angenisaidia.

Nikafunga safari mpaka Bungoma, kwa daktari asiyelijua kanisa langu. Nikamkuta msichana, rika la kitinda mimba wangu. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti nikamwambia, "Mwanangu, mimi naweka ugoro. Niliwekewa na nyanya yangu. Sasa niambie yote."

Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Asante mama, umenirahisishia kazi. Wengi wanatuficha, sisi tunabaki kubahatisha."

Basi nikafunguka! Hii kitu ni nini? Ni saratani? Mbona haiumi? Akasema kwa macho tu hawezi kuniapia. Niache ugoro kabisa, nirudi baada ya mwezi mmoja, na kama bado iko, akate kipande kidogo kipelekwe kupimwa. Nikaendelea kuuliza. Kwa nini fizi zinatoka damu? Na mbona mate yananikauka? Akaniuliza dawa ninazokunywa. Kumbe vidonge vyangu vya presha, ambavyo sikuwahi kumtajia mtu wa meno, vinaweza kukausha mate, na mate yakikauka meno huoza upesi! Nani angejua? Nilishangaa kama mtoto siku ya kwanza shuleni.

Kikopo nilikitupa chooni. Lo, mwezi ule! Kichwa kiliniuma, usingizi ukanihama, nikagombana mpaka na wateja wangu. Nilifunga, nikalia, nikamwambia Mungu sitaweza peke yangu. Akanishika mkono. Hamu ikapungua, siku baada ya siku.

Niliporudi Bungoma, yule binti aliuvuta mdomo, akaumulika kila upande.

"Usininyamazie, mwanangu! Sema!"

Akanipa kioo. "Jionee mwenyewe, mama."

Haikuwepo! Mdomo safi, mwekundu, kama wa mtoto! Nilimkumbatia na glavu zake mikononi. Bado narudi anitazame, na kila mara naenda na maswali kwenye karatasi.

Mama Edina, nisamehe kwa zile kelele. Mchungaji, mkiona ni vyema kuniondoa kwenye uenyekiti, niondoeni leo, sitanung'unika. Namshukuru Yesu niko hai.

Lakini najua siko peke yangu humu. Kuna mtu amelificha pindo la leso yake sasa hivi. Mpendwa, Mungu amekwisha kujua, na daktari hatakumeza. Mimi naenda Bungoma Jumanne. Nitakungoja hapo langoni asubuhi. Njoo tu. Sitakuuliza neno lolote.