Afande Bado: Maisha ya Meja Mstaafu Noah Kimaiyo

Marehemu Meja Mstaafu Noah Kimaiyo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963 huko Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kimaiyo na marehemu mama Tabitha. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alizaliwa kwa haraka, mkunga akiwa bado njiani, kisha jeshi likamfundisha kungoja.

Alisoma shule ya msingi palepale nyumbani, akateremka Kimilili kwa masomo ya sekondari, akamaliza mwaka 1981. Viatu vyake vya shule vilikuwa vya baba, vikubwa mno, akavijaza maganda ya mahindi ili visimtoke. Akiitwa ubaoni vilikuwa vinalia kwacha, kwacha, darasa zima linacheka, naye anaendelea kuandika mpaka hesabu iishe. Mdogo wake Nehemiah, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alirithi viatu hivyo na anathibitisha kelele zake.

Alijiunga na jeshi mwaka 1983, akafunzwa uhandisi wa magari. Wengi tulioketi hapa tunadhani kazi ya jeshi ni bunduki. Noah wetu kazi yake ilikuwa magari ya kivita, yale ya chuma kinene yanayobeba askari mahali penye mabomu, na adui aliyepigana naye miaka mingi zaidi ni vikao. Alikuwa akirudi nyumbani kwa likizo amechoka, unamuuliza vita vikoje, anakwambia, "Tumeahirisha mpaka Alhamisi."

Mwaka 2011 magari hayo yalikuwa yamezeeka na pesa za kununua mapya hazikuwepo. Ikaamuliwa yaongezewe nguvu: injini mpya, na mabamba ya chuma juu ya yale ya zamani ili bomu lisipenye. Noah ndiye aliyeongoza ukaguzi. Gari la kwanza lilipokuwa tayari, alipanda akakaa nyuma wanakokaa askari, akafunga mlango, akausukuma kwa bega. Ulikuwa mzito, lakini ulifunguka. Akasema, "Sawa." Mabamba yale yaliokoa watu wengi, na hilo lisemwe pia leo. Lakini siku ile gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya sakafu ya saruji, na kati ya wote waliokuwepo hakuna aliyewaza kulilaza ubavu.

Novemba 2013, huko kaskazini, gari moja lilikuwa likivuka mto mkavu, maji yakashuka ghafla, yakalisomba na kulilaza ubavu. Mlango wa nyuma sasa ukawa wa kunyanyuliwa kwenda juu, na mabamba yake yote. Waliotoka ni wale waliokuwa karibu na tundu la paa. Koplo Tonny Sitati, kijana wa Bumula, alikuwa amekaa karibu na mlango.

Noah hakutumwa na mtu kwenda kwenye mazishi ya Tonny. Alikwenda Bumula mwenyewe, akamkuta mjane, Viola, akiwa na mimba kubwa. Akamwambia mbele ya watu, "Mama, mlango ule niliupitisha mimi. Utabadilishwa, na siku ukibadilishwa nitakuja kukwambia mwenyewe." Viola hakumlaani. Alisema tu, "Basi nitakuwa nauliza, Afande."

Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini wahenga hawakuwa wamekutana na zabuni. Jamani! Wataalamu walisema kubadilisha milango ya magari yale ni ghali kuliko kununua magari mengine. Zabuni ya magari mapya ikatangazwa, aliyeshindwa akakata rufaa. Ikarudiwa, mwaka wa fedha ukaisha. Ikatangazwa tena, ikafutwa, wala sababu haikusemwa. Wakuu walihamishwa, wakaja wengine, na kila aliyekuja alitaka kuelezwa tangu mwanzo. Noah akaeleza. Alichofaulu kupata ni amri moja tu, kwamba gari likivuka maji tundu la paa liachwe wazi, na hiyo aliiita plasta juu ya mfupa uliovunjika.

Wauzaji nao walimjua. Walikuwa wakileta magari ya maonyesho, hema, soda baridi na maneno matamu, naye anauliza kreni iko wapi, kwa maana hakuamini tena mlango wowote mpaka akae ndani, amevaa mzigo kamili wa askari, gari limelazwa ubavu, aufungue kwa mkono wake. Muuzaji mmoja mwenye suti safi alicheka akamwambia, "Lakini Meja, gari letu haliwezi kuanguka." Noah akamjibu, "Vizuri sana. Basi ingia na mimi tulilaze, tuone kama litakataa." Waliingia wote wawili. Mlango ulikuja kuvutwa kwa nyaya kutoka nje, na muuzaji alipotoka tai yake ilikuwa imelowa chapa. Gari halikupita, na hata soda Noah hakunywa.

Kila Novemba alikwenda Bumula. Viola alimkaribisha jikoni, akampa chai na viazi vitamu, kisha akauliza, "Sasa Afande, huo mlango umebadilishwa ama?" Naye akajibu, "Bado, mama." Mwaka uliofuata, bado. Judy, mtoto aliyezaliwa baada ya msiba, alipoanza kuongea alimwona akiingia uani akapaza sauti, "Mama, Afande Bado amekuja!" Watu wazima waliona haya. Noah alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akatoka nje, akakaa huko peke yake kitambo. Tangu hapo hata sokoni Bumula walimwita hivyo, naye aliitika.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa takatifu na Chepkemei mjini Kitale, wakajaliwa watoto wawili, Jepkorir na Kipruto. Alikuwa mume mpole na baba mwenye subira, ila nyumba yake mnaijua. Baada ya ule msiba aling'oa milango yote akaweka mingine myepesi inayofunguka kwa kidole. Tarlochan, rafiki yake mwenye karakana mjini, ndiye aliyemtengenezea bawaba, na siku moja alimuuliza, "Meja, wewe unataka mlango ama pazia?" Chepkemei alivumilia mengi. Upepo wa mlimani ukivuma, mlango wa choo ulikuwa unafunguka wenyewe mgeni akiwa ndani. Mchungaji wetu anajua, na tunamshukuru kwa kutuombea hata baada ya siku ile.

Alistaafu mwaka 2018 na kurudi shambani Kitale, lakini hakustaafu kabisa. Alizidi kuwapigia simu waliobaki kwenye kamati. Wengine waliacha kupokea. Chepkemei alimwambia, "Baba Jepkorir, umefanya yako. Si uwaachie vijana?" Akajibu kwamba vijana ndio wanaokaa mle ndani. Tuseme ukweli, sisi familia tulichoka kabla yake. Tulitamani azungumze habari za mahindi kama wazee wengine.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba, na safari ya Bumula ya mwaka huo na uliofuata hakuiweza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa Kitale. Mwezi wa pili mwaka huu Viola mwenyewe alikuja hospitalini na Judy, amebeba viazi vitamu kwenye kikapu. Alipoingia tu, Noah akajitahidi kuinuka, akasema, "Bado, mama."

Viola akamwambia, "Sijauliza, Afande. Leo nimekuja kukuona tu." Akamrekebishia mto, akaketi kando yake. Alipoaga alimshika mkono akasema, "Sasa wewe pumzika. Nitauliza mimi." Noah alilia, nasi tuliokuwepo tukalia. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, Chepkemei akiwa ametoka tu kumfungulia dirisha.

Juzi hapa matangani alifika kapteni mmoja aliyerithi ofisi yake. Alitupa pole, kisha akatwambia habari ambayo Noah aliingoja miaka yote hiyo: mkataba ulisainiwa, magari mapya ya kwanza yamefika, na milango yake ni myepesi. Ee bwana! Watu walipiga makofi, kina mama wakaanza wimbo wa shukrani, Chepkemei akajifunika uso kwa leso.

Viola alikuwa kwenye masufuria, akaja na mwiko mkononi. "Afande, huo mlango uliufungua wewe mwenyewe? Ukiwa ndani?"

"Hapana, mama. Lakini niliona ukifunguliwa."

"Gari lilikuwa limelala ubavu?"

"Lilikuwa limesimama."

"Basi bado," Viola akasema.

Wimbo uliishia hapo. Kapteni alivua kofia, akasema wiki ijayo litalazwa, ataingia yeye na mzigo kamili, kisha atakwenda Bumula kumwambia mwenyewe. Viola akamjibu, "Karibu. Nitakuwa nauliza," akarudi kwenye masufuria.

Marehemu ameacha mjane, Chepkemei, watoto, Jepkorir na Kipruto, wajukuu watatu, na mdogo wake Nehemiah. Ameacha pia Viola na Judy wa Bumula, ambao aliagiza wasomwe pamoja na watu wa nyumba yake. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.

Pumzika kwa amani, Afande. Kuuliza umetuachia sisi.