Macho Manne kwa Saba

— Futa nukta zako tatu, Kaneza!

— Zangu zimekukosea nini? Ongeza wewe, Modestus!

Arafa alibaki na birika hewani. Benchi la kahawa mbele ya nyumba yao, hapa Nyakahura, lilizoea ugomvi wa ng'ombe na wa mpira, si wa nukta. Hawa wawili walikuwa wanachuo waliokuja kupima ukuta wa lambo, nusu wa zamani, nusu mpya. Modestus alichora wavu wa nusu ya zamani, Kaneza wa nusu mpya, kila mtu kivyake. Sasa kwenye kompyuta, pale nusu mbili zilipokutana, macho manne makubwa ya wavu, kila moja na nukta yake, yalitazamana na saba madogo. Injinia wao alikuwa njiani kuwachukua. Akikosa jibu la kama ukuta utazuia maji, lambo halijazwi, na ng'ombe wataendelea kutembea nusu siku kutafuta maji.

— Wavu? Mnavua nini? aliuliza Mzee Gozbert, aliyeitwa Mahakama kwa kupenda kukata kesi.

— Shikamoo, mzee. Upande huu tunajua kuna maji, upande ule pakavu, alisema Kaneza. Ndani ya ukuta ndiko hatujui. Kwa hiyo tunaukata vipande, kila kipande kinampa jirani habari za maji.

— Marahaba. Na hapa majirani hawasalimiani!

— Ndiyo hivyo, mzee.

— Kesi nyepesi. Watatu wa ziada wahamie Bugarama.

— Mahakama, acha zako! alidakia Sabiti, fundi baiskeli. Kaza nukta kama spoku, zitalingana.

— Nikikaza, ukuta wangu unapinda, alisema Modestus, karibu kulia.

— Basi bomoeni ukuta wenyewe, mjenge unaofanana na mchoro! alisema Sabiti.

— Au chimbeni lambo jingine katikati, alisema Mahakama. Dogo. La upatanisho.

Sabiti alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Arafa hakucheka. Shule aliiachia kidato cha pili, lakini kufuma hakuacha. Aliingia ndani mbio, akatoka na kitambaa cha meza.

— Kaka, ni lazima nukta ishikane na nukta?

Akakitandaza kitambaa juu ya benchi.

— Hiki nilikifuma vipande viwili. Huku macho makubwa manne, huku madogo saba. Kila kubwa linabeba madogo yaliyo mbele yake, mawili kasorobo. Dogo likikaa mpakani, naligawa mafungu, huku kiasi, huku kiasi. Umeona kimekunjamana popote?

Kaneza alikivuta kitambaa, akakigeuza, akapiga yowe.

— Tunagawa kwa urefu, Modestus! Mafungu yalingane, nukta zikae zilipo!

Vidole vilikimbia kwenye kompyuta. Honi ikalia barabarani. Mistari ya maji ikavuka mshono bila kuruka hata mmoja, na wanachuo wakatimua mbio kwenye gari, Kaneza akikipunga kitambaa juu kama bendera.

— Si nilisema kesi nyepesi? alisema Mahakama, akisogeza kikombe.

Arafa aliinamisha birika. Likatoa tone moja. Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua mama yake alipotokea mlangoni.

— Arafa, wageni wangu wamefika Biharamulo, wanakaribia. Kitambaa cha meza kiko wapi?